Ndama, mtoto na mteja: maziwa ya ng'ombe wa Ankole yanagawanywaje?

Na Mwandishi Wetu

MAKUNDI ya ng'ombe yaliyovuka daraja la Kagitumba na lile la Rusumo kuanzia mwaka 1994 hayakuja peke yake. Yalikuja na watu ambao wengi wao walizaliwa ukimbizini, Nakivale na Oruchinga nchini Uganda, Karagwe na Ngara nchini Tanzania. Yalikuja pia na namna yake ya kukamua: ndama kwanza, kisha chombo, kisha ndama tena.

Zaidi ya miaka thelathini imepita. Hifadhi ya Akagera, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilikatwa mwaka 1997 ili waliorudi wapate makazi na malisho, ikabaki chini ya nusu ya ukubwa wake wa awali. Malisho ya wazi ya Umutara yamegeuka mashamba yenye uzio. Chotara wa Friesian wameingia kwenye mazizi ambayo zamani yalikuwa na pembe ndefu tupu. Lakini kila alfajiri mfugaji wa Nyagatare, wa Gatsibo au wa Kayonza bado anakutana na swali lile lile alilokutana nalo baba yake upande wa pili wa mto: ndama abakiziwe kiasi gani, watoto wa nyumbani wanywe kiasi gani, na kiasi gani kiende kwenye kopo la kuuza?

Swali hilo si dogo. Ukimpunja ndama, hutauona ubaya wake leo. Utauona baada ya miaka mitatu, mtamba wako atakapokuwa bado hajapata mimba wakati wa jirani yako ameshazaa. Ukimpa ndama yote, ada ya shule haitoki. Makala haya yanaeleza jinsi ng'ombe anavyotoa maziwa, kwa nini ndama ana sehemu kubwa katika kazi hiyo, na yale ambayo mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Bila ndama, maziwa hayashuki

Watu wengi hudhani kiwele ni kama ndoo: maziwa yamo ndani, kazi ni kuyatoa tu. Sivyo. Sehemu ndogo ya maziwa ndiyo hukaa chini, karibu na chuchu. Sehemu kubwa imejificha juu, katika vifuko vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na haiwezi kutoka kwa nguvu za mkono. Ili ishuke, ubongo wa ng'ombe unapaswa kutoa homoni iitwayo oksitosini. Homoni hiyo husafiri katika damu mpaka kwenye kiwele na kuvibana vile vifuko. Hapo ndipo utaona chuchu zinajaa na maziwa yanakuja kwa nguvu. Nguvu yake haidumu. Ni dakika chache tu, na mkamuaji anayesimama katikati kupiga soga hupoteza maziwa yake.

Friesian wa Ulaya amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya mashine. Huyo hushusha maziwa akisikia tu mlio wa ndoo, au akioshwa kiwele kwa maji ya uvuguvugu. Ng'ombe wa Ankole hajapitia huko. Yeye anataka kumwona mwanawe, kumnusa na kumlamba, na ndama achezee chuchu kwa muda. Ndiyo maana mkamuaji mzoefu humwachia ndama anyonye kidogo, kisha humvuta pembeni na kumfunga mbele ya mama, pale pua yake inapofika. Ndama akiondolewa asionekane, maziwa yanakatika.

Kinyume cha oksitosini ni homoni ya hofu. Ng'ombe aliyepigwa, aliyefukuzwa na mbwa au anayekamuliwa na mtu mgeni mwenye kelele hutoa adrenalini, na hiyo huzuia maziwa kushuka. Wazee waliokuwa wakiimbia ng'ombe wao wakati wa kukamua hawakuwa wakipoteza wakati. Sayansi imewakuta njiani.

Je, ndama akifa? Hapa ndipo hasara huwa mbili kwa siku moja. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki na wa Sudan Kusini, Wanuer wakiwemo, walikuwa na desturi ya kuichuna ngozi ya ndama aliyekufa, kuijaza majani makavu na kumwekea mama ainuse wakati wa kukamuliwa. Anayeyasikia haya kwa mara ya kwanza hucheka, lakini njia hiyo imewaokolea watoto wengi chakula. Dakitari wa mifugo naye anayo sindano ya oksitosini, ila si dawa ya kuchoma kila siku. Ng'ombe aliyezoeshwa sindano hufika mahali pa kutoshusha maziwa bila hiyo.

Faida nyingine ya kumwacha ndama anyonye huwa haizungumzwi sana. Hata mkono hodari haumalizi maziwa yote. Huwa yanabaki kidogo juu. Ndama akirudishwa baada ya kukamua huyamaliza hayo. Kiwele kilichokaushwa vizuri hakipati ugonjwa wa kuvimba kiwele kwa urahisi, na mwili wa ng'ombe hupata ishara ya kutengeneza maziwa mengine. Utafiti uliofanywa katika nchi za joto umeonyesha tena na tena kwamba, ukijumlisha yaliyokamuliwa na yaliyonyonywa, ng'ombe chotara anayenyonyesha kwa kipimo hutoa maziwa mengi kuliko yule aliyetenganishwa na ndama tangu siku ya kwanza. Mtaalamu anayemwambia mfugaji mdogo kwamba kukamua na ndama ni ushamba hajayasoma matokeo hayo.

Umuhondo si uchafu

Maziwa ya siku za kwanza baada ya kuzaa, ambayo kwa Kiswahili huitwa dang'a na hapa kwetu tunayaita umuhondo kwa rangi yake ya manjano, yana historia ya kutupwa. Wapo wanaoyamwaga wakidhani ni machafu. Wapo wanaoyapika na kuyala wao. Wengine huyachanganya na maziwa ya ng'ombe wengine ili kopo lijae.

Yote matatu ni kumwibia ndama. Mtoto wa binadamu hupata kinga nyingi za mama akiwa bado tumboni. Ndama hazipati huko, kwa sababu kondo la ng'ombe haliruhusu kinga hizo kupita. Huzaliwa bila ulinzi, na ulinzi wake wote umo katika dang'a. Zaidi ya hayo, mlango unafungwa haraka. Utumbo wa ndama huweza kuzipitisha kinga hizo mpaka kwenye damu katika saa za mwanzo tu. Baada ya saa sita uwezo huo unapungua, na baada ya siku moja umekwisha. Ndama aliyezaliwa usiku na kuanza kunyonya kesho yake mchana amekosa kitu ambacho hakuna duka la dawa linaloweza kumuuzia.

Kipimo ni rahisi kukumbuka: sehemu moja ya kumi ya uzito wake katika siku ya kwanza. Ndama wa Ankole mwenye kilo 25 anahitaji lita mbili na nusu. Chotara wa kilo 35 anahitaji lita tatu na nusu. Ndama asipoweza kusimama, mkamulie na umnyweshe polepole kwa chupa safi, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo tu ili maziwa yasiingie kwenye mapafu.

Wale wanaopeleka dang'a kwenye kituo cha kukusanyia maziwa hujikomoa wenyewe. Pale kituoni mpokeaji huchanganya maziwa kidogo na spiriti katika kijiko au bomba dogo la kioo. Yakiganda, kopo linakataliwa. Maziwa yaliyoanza kuchacha huganda, lakini na dang'a huganda vilevile, hata ikiwa imekamuliwa dakika kumi zilizopita. Wafugaji wengi wamegombana na mpokeaji wakiapa kwamba maziwa ni ya asubuhi hiyo hiyo. Walikuwa wakisema kweli, na kopo lilikuwa bovu hata hivyo.

Lita mbili za nani?

Sasa tuje kwenye hesabu. Ng'ombe wa Ankole anayelishwa nyasi tu hukamuliwa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, mbali na yale aliyonyonya ndama. Mvua ikikatika hushuka chini ya hapo. Chotara aliyelishwa vizuri hufika sita mpaka kumi. Friesian halisi, mwenye pumba, majani ya matembo, maji ya kutosha na dakitari karibu, hupita kumi na tano.

Ukiziangalia namba hizo peke yake utauza Ankole wote kesho. Ila namba hazisemi yote. Maziwa ya Ankole ni mazito kwa mafuta kuliko ya Friesian, na anayesukasuka igisabo nyumbani anajua siagi inatoka kwa nani. Ankole hutembea mbali kutafuta maji, hustahimili ukame, na haleti bili ya dawa kila wiki. Friesian akikosa maji siku moja tu, maziwa yake huanguka.

Maziwa machache si lazima yawe maziwa hafifu, na wa kutukumbusha hilo ni mnyama ambaye hatumfugi huku kabisa. Huko New Zealand wapo wakulima wanaofuga kulungu wekundu kwenye mashamba yenye uzio mrefu, na katika miaka ya karibuni baadhi yao wameanza kuwakamua kwa mashine. Kulungu jike hutoa kama lita moja na nusu hadi mbili kwa siku anapokuwa katika kilele. Lakini mafuta na protini katika maziwa hayo ni karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe wa kizungu au zaidi, na mtoto wake huongezeka uzito kwa gramu mia nne hivi kila siku. Lita ni zile zile za Ankole wetu. Kule huuzwa kwa bei ya juu kama kitu adimu, huku kwetu mtu anaona aibu kutaja kwamba ng'ombe wake anatoa lita mbili.

Hata hivyo tusidanganyane. Mwenye eneo dogo la kufungia ng'ombe mmoja, kama ilivyo kwa wengi waliopata ng'ombe kwa mpango wa Girinka, hawezi kuishi kwa lita mbili. Mpango huo ulioanza mwaka 2006 umegawa ng'ombe zaidi ya laki tatu kwa familia maskini, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe jirani. Sharti hilo limemfanya ndama kuwa deni. Aliyemkamua mama yake mpaka tone la mwisho na kumpa jirani ndama mwenye tumbo kubwa na manyoya yaliyosimama hajalipa, hata kama kwenye karatasi ya kijiji ameandikwa kwamba amelipa. Viongozi wanaokwenda kushuhudia kwitura wangepaswa kubeba kipimo cha uzito, maana kwa sasa hupiga makofi tu.

Ndani ya nyumba nako kuna mdomo mwingine. Mtoto wa chini ya miezi sita ni wa ziwa la mama yake tu, na maziwa ya ng'ombe hayafai kuwa kinywaji chake kikuu mpaka atimize mwaka mmoja. Akishafika hapo, kikombe kimoja kwa siku huleta tofauti kubwa, na ndiyo sababu serikali ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuwapa wanafunzi wadogo maziwa shuleni. Yachemshwe. Inshyushyu, yale ya moto wa kiwele, ni matamu na wazee wanayapenda, lakini homa ya kutupa mimba ya ng'ombe humpata binadamu kupitia maziwa mabichi. Humwachia homa zisizokwisha na maumivu ya viungo ambayo wengi huyadhania malaria kwa miezi kadhaa.

Kumlikiza ndama bila kumuua

Ndama anapozaliwa ana matumbo manne kama mama yake, lakini linalofanya kazi ni moja. Maziwa hupita kwenye mfereji maalumu na kwenda moja kwa moja kwenye tumbo la nne. Lile kubwa la kusagia nyasi bado limelala, na maziwa hayaliamshi. Linaamshwa na chakula kikavu na maji. Kwa hiyo anayemnyima ndama nyasi laini na pumba kwa sababu "bado mdogo" anamchelewesha. Aanze kuonjeshwa akiwa na wiki mbili, na maji safi yawepo kila siku, hata kama ananyonya.

Katika zizi la chotara, ndama anaweza kuachishwa akiwa na miezi mitatu iwapo anakula vizuri. Wa Ankole, anayeishi kwa nyasi za kutafuta mwenyewe, huachwa mpaka miezi saba au tisa, na mara nyingi mama ndiye humfukuza. Katikati ya njia hizo mbili kuna utaratibu unaofaa wafugaji wengi wetu. Mwezi wa kwanza mwachie ndama chuchu mbili kila ukamuapo. Mwezi wa pili na wa tatu mwachie moja, na yale ya mwisho yanayobaki juu. Baada ya hapo anyonye kidogo tu kwa ajili ya kushusha maziwa.

Kunyonyesha kwa muda mrefu nako kuna gharama yake. Ng'ombe anayenyonywa kila saa, mchana na usiku, huchelewa kurudi kwenye joto, hasa akiwa amekonda. Mwili unasema: huyu niliye naye bado hajashiba, sitaki mwingine. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku chache. Akichelewa kushika mimba kwa miezi sita, mfugaji amepoteza ndama mmoja katika kila uzao miwili hivi. Dawa yake si kumnyima ndama. Ni kumtenga usiku na kumpa mama chakula cha kutosha katika miezi mitatu ya kwanza.

Adui mkubwa wa ndama katika mwezi wa kwanza ni kuhara, na kuhara huletwa na uchafu wa zizi na chombo. Baada ya hapo anakuja kupe wa masikio na ndigana kali. Ugonjwa huu umemaliza mazizi kuanzia Mbarara mpaka Kibungo. Chanjo yake ipo, ile iliyotokana na kazi ya Muguga nchini Kenya, ambapo ndama hupewa vimelea hai pamoja na dawa ya kuvizuia. Ni ya mara moja maishani. Bei yake huonekana kubwa mpaka siku utakapomfukia ndama wa chotara.

Kununua mama na mwanawe mpakani

Kwa wafanyabiashara wanaovusha mifugo kati ya Uganda, Tanzania na Rwanda, ng'ombe aliyezaa karibuni ndiye mwenye bei nzuri, na ndiye mwenye ujanja mwingi. Mbinu ya zamani kuliko zote ni kumnyima kukamuliwa. Muuzaji huacha kumkamua tangu jana asubuhi, na ndama akamfunga mbali. Ukifika sokoni unaona kiwele kimejaa, chuchu zimemetameta, maziwa yanadondoka yenyewe, na mnyama anatembea miguu ikiwa imetanuka. Hiyo si dalili ya wingi wa maziwa. Ni dalili ya maumivu.

Mwenye busara hukubaliana na muuzaji amkamue jioni mpaka kiwele kiwe laini kabisa, alale hapo hapo, kisha amkamue tena asubuhi na jioni inayofuata. Jumla ya mikamuo hiyo miwili ya mwisho ndiyo lita zake. Muuzaji asiyekubali kulala kwako ameshakujibu.

Mbinu ya pili ni ndama wa kuazima. Ng'ombe aliyepoteza wake, au aliyekwisha kukauka, husimamishwa pamoja na ndama mzuri wa mwingine. Mwachie ndama anyonye mbele yako. Mama wa kweli atamnusa mkiani na kumlamba. Asiye wake atapiga teke au kugeuka. Angalia pia umri kwa meno: mawili makubwa ya mbele ni kama miaka miwili, yote manane ni kati ya miaka minne na mitano, na yaliyolika mpaka kwenye ufizi ni ya bibi. Akiuzwa kama mwenye mimba, mwite dakitari ampime kwa mkono. Kuanzia mwezi wa tatu jambo hilo halina ubishi.

Lakini si kila maziwa yanayopungua ni udanganyifu. Ng'ombe aliyesafirishwa kwenye lori siku nzima, akashushwa zizi geni, na kukamuliwa na mkono asioujua, atapunguza maziwa hata awe bora kuliko wote. Mpe wiki mbili kabla ya kurudi kumshtaki muuzaji. Njiani ndama asafiri karibu na mama lakini asikanyagwe, na kama safari inapita nusu siku, simama umkamue mama, umpe ndama.

Jambo jingine ambalo limewatia watu hasara: ng'ombe wa miinuko ya baridi, kama Gishwati au Masisi, huko ambako kupe wa ndigana ni wachache, hawana kinga. Ukimshusha mmoja wao Umutara bila chanjo, ndani ya mwezi unaweza kuwa unatafuta jembe. Wapo waliorudi kutoka Congo waliojifunza hilo kwa machozi.

Karatasi nazo zina uzito. Kibali cha kusafirisha mifugo, cheti cha dakitari wa serikali wa kule unakotoka, na hereni ya sikioni: bila hivyo ng'ombe wako ni wa magendo hata kama ulimlipa mwenyewe kwa haki. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani humpunguzia mchuuzi karatasi za asili ya bidhaa, lakini haufuti cheti cha afya ya mnyama. Ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka upande mmoja, masoko ya mifugo hufungwa bila kumuuliza mtu kama alishakopa.

Mipaka yenyewe hufungwa pia. Gatuna ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 2022. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Mapema mwaka 2020 Kenya nayo ilikamata shehena za maziwa kutoka Uganda, mgogoro ambao uliwafanya wafugaji wa Kiruhura na Mbarara wauze lita kwa bei ya kutupa. Wafugaji waliofukuzwa Kagera katika msako wa mwaka 2013 wanajua zaidi. Wengi walifika Rusumo na godoro na masufuria, ng'ombe wakiwa wamebaki nyuma, na ndama wakiwa hawana wa kuwafungulia zizi. Wazee wao walikwisha kuyaona hayo Ankole mwaka 1982.

Kopo na barabara ya Goma

Maziwa yakishatoka kwenye kiwele hayasubiri. Kwa joto la Umutara, baada ya saa tatu au nne yameanza kuchacha. Ndiyo maana vituo vyenye matangi ya kupozea mpaka nyuzi 4 vimejengwa, na ndiyo maana amri ya waziri ya mwaka 2016 ilipiga marufuku kusafirisha maziwa katika madumu ya plastiki. Wachuuzi walilalamika sana, kwa kuwa kopo la chuma ni ghali na zito kwenye baiskeli. Wako sawa kuhusu bei. Lakini dumu lina pembe za ndani ambazo hakuna mkono unaozifikia, na uchafu wa jana huko ndio unaochachusha maziwa ya leo.

Upande wa Rubavu, maziwa ya Gishwati yamekuwa yakivuka kwenda Goma miaka yote, kwa gari na kwa kichwa cha mama mchuuzi. Tangu mji huo uingie mikononi mwa M23 Januari 2025, anayevusha chakula huko hutazama habari kabla ya kutazama bei. Upande wa mashariki, kiwanda cha maziwa ya unga cha Inyange kilichojengwa Nyagatare kimebadilisha mazungumzo: kipindi cha mvua, maziwa yanapofurika, si lazima tena yamwagwe au yageuzwe yote kuwa ikivuguto. Ubaya wake ni kwamba soko la uhakika humvuta mfugaji kukamua zaidi, na anayelipa ni yule aliyefungwa kamba kwenye kona ya zizi.

Ng'ombe aliyechomwa antibayotiki asikamuliwe kwa ajili ya kuuza mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Wengi huyapeleka kituoni mapema. Wengine, wakijiona wema, humpa ndama yote. Hilo nalo si zuri sana, lakini si kosa kubwa kama kulisha dawa mji mzima.

Mwisho kuna swali ambalo huulizwa mara nyingi na waliofika na ng'ombe mmoja tu: ndama amefiwa na mama, na jirani ana ng'ombe aliyefiwa na ndama, je, wanaweza kuunganishwa? Wanaweza, lakini kwa mbinu. Kama mama amezaa leo, mpake ndama yatima maji ya uzazi ya yule aliyekufa. Kama ni siku moja au mbili baadaye, mfunge ngozi ya marehemu mgongoni. Mpake chumvi kichwani na mgongoni ili mama amlambe, na wafungie pamoja mahali penye giza kidogo. Mama afungwe miguu ya nyuma mara chache za mwanzo ndama akinyonya, na asipigwe. Akianza kumlamba bila chumvi, ngozi inaweza kuondolewa. Ikipita wiki mbili na bado anapiga teke, mwache. Ndama apewe maziwa ya uvuguvugu kwa ndoo, asubuhi na jioni, kwa kipimo kile kile cha sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na vidole vyako viwili ndani ya ndoo mpaka atakapojifunza kunywa mwenyewe.